Mwambie Usukani Umelegea

Mume wangu hajui kukaza kitu kidogo. Alijifunza ufundi kwenye matrekta ya kubeba miwa huko kwao Matungu, ambako nati moja inaweza kuwa kubwa kama kikombe cha chai, na spana isipotosha huvikwa bomba la chuma ili mtu aning'inie kwa uzito wake wote. Trela ya miwa ikichomoka barabarani inaua watu. Kwa hiyo mkono wake ulikomaa ukiogopa kitu chochote kilicholegea. Hapa nyumbani kwetu, mtaani Shieywe, kopo la sukari likifungwa naye, mimi hulifungua kwa kisu. Bomba la maji la uani limebadilishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mkono huo, na mguu mmoja wa kitanda chetu ulipasuka siku alipoamua kwamba kitanda kinapiga kelele na dawa yake ni spana.

Naanza na hayo ili anayesoma asije akadhani niliolewa na mzembe. Aliyosababisha hayakutoka katika uzembe. Mara nyingi natamani yangetoka huko, maana mzembe ningemgombeza nikalala usingizi.

Mama yangu alikuwa mjane mfupi, mwenye ng'ombe wawili na baiskeli nyeusi ya kiume aliyoachiwa na baba. Aliishi upande wa barabara ya Mumias, mahali ambapo nyumba za mji zinaanza kuachana na miwa inaanza kushikana. Kila asubuhi alipakia maziwa kwenye keria, akavaa suruali ya marehemu chini ya rinda lake, akaja mjini. Watu wa bodaboda walimzoea, wakampisha na kumwita Mama Mamba, kwa jina la aina ya baiskeli yake. Akishamaliza kugawa maziwa alipitia kwangu kunywa chai kabla ya kurudi, na mitungi mitupu ilikuwa ikigongana nyuma yake, hivi kwamba nilimsikia kabla hajafika kwenye geti.

Lakini hakuingia sebuleni. Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Wengi wa mjini wameachana nayo, na nimeona harusi ambako bwana harusi anakumbatiwa na mama mkwe mpaka kofia inaanguka. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha kikundi cha akina mama, lakini katika jambo hilo alikuwa wa zamani kuliko bibi yake. Akifika, alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja hadi jikoni, akakaa kwenye kigoda chake nyuma ya mlango. Mume wangu akisikia mitungi, alibaki sebuleni, na akitoka alitokea mlango wa mbele. Waliishi miaka yote hiyo wakisikilizana kupitia ukuta, kila mmoja akijua kikohozi cha mwenzake.

Simu mama alikuwa nayo. Namba ya mkwe wake hakuwahi kuipiga. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba sauti nayo ni mtu.

Siku moja akiwa anakunywa chai aliniambia, kana kwamba limemjia tu hivi hivi, "Mwambie mkwe wangu usukani ya hiyo baiskeli imelegea kidogo."

Nilienda sebuleni nikamwambia. Mume wangu aliruka kama mtu aliyeitwa na chifu. Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaichukua baiskeli pale kwenye ua, akalibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akaingiza spana juu ya shingo ya usukani. Nilimsikia akiguna. Kisha akaiegemeza pale pale alipoikuta, akaita kutoka upande wa pili wa nyumba, "Mwambie mama iko tayari!"

"Nimesikia," mama alinong'ona. "Mwambie ameshukuriwa."

Alipoondoka niliona ameacha mayai, yamefungwa kwa majani makavu ya mgomba, juu ya kigoda. Nilikatazwa kuyala. Yalikuwa ya fundi.

Basi ikawa hivyo. Haikupita muda, usukani ukalegea tena. Akakaza. Mama akaacha ndizi. Ukalegea tena. Akakaza, na safari hii akaongeza grisi kwenye mnyororo bila kuambiwa. Mama alipofika nyumbani na kuona mnyororo unang'aa, alinipigia simu mimi, akacheka kama msichana. Mara nyingine mume wangu alifunga kengele mpya, na mama akaipiga kutoka getini kwangu hadi chini kwenye kijito, watu wakatoka nje kutazama ni nani anayeoa. Mimi ndiye nilikuwa njia yao. "Mwambie mkwe," "mwambie mama," kutwa kucha, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikawa nawaambia siku moja nitawafungia wote wawili katika choo kimoja wamalizane. Mama alinirushia kitambaa kwa kusema jambo la aibu kama hilo. Lakini sikuwa nimekasirika. Wanawake wenzangu walikuwa na waume wasiojua kama mama mkwe yu hai.

Tulikuwa tumepanga kuondoa huo mwiko. Iko njia, wazee wa pande mbili wakikaa na watu wakapeana kuku na blanketi mbele ya mashahidi, basi mama mkwe anaweza kusalimiwa kwa mkono. Mume wangu alishanunua blanketi. Lilikuwa la kahawia, juu ya kabati, ndani ya karatasi yake ya plastiki. Mama alisema tungoje mvua ipungue kwanza, barabara ya kwake isiwatese wazee.

Siku aliyoanguka, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama alikunywa chai, akatoa ujumbe wake wa kawaida, usukani ukakazwa, mayai yakaachwa. Barabara yetu inashuka hadi kwenye kijito, na pale chini hukaa mama mmoja anayechoma mahindi. Yeye ndiye aliyeona. Mama alikuja akishuka polepole na breki zake, akazungusha usukani kukwepa shimo. Usukani ukageuka. Gurudumu halikugeuka. Liliendelea na safari yake moja kwa moja hadi mtaroni, na mama pamoja nalo.

Mume wangu alikuwa bado amesimama getini, spana mkononi. Alikimbia mteremko wote ule. Alipomfikia alisimama ghafla, kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Mama alikuwa amelala upande, rinda limepanda, hawezi kulishusha. Mume wangu aligeuka akampa mgongo. Akavua jaketi lake, akalirusha nyuma bila kutazama, akabaki amesimama hivyo, mikono imenyooshwa kando kama mtu anayezuia ng'ombe, akipiga kelele, "Akina mama! Akina mama, njooni!" Watu wa bodaboda waliosogea aliwafukuza wasimwone mama mkwe wake katika hali ile. Mama wa mahindi aliniambia kwamba alikuwa akilia kwa sauti, na hakugeuka hata mara moja, hata mama alipokuwa akiugua kwa maumivu miguuni pake.

Mimi nilikuwa jikoni na redio. Nilipofika, nilitaka kuichukua hiyo heshima ya ukwe niitupe kijitoni.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini walisema ilivunjika pale pale alipoanguka, hakuna dakika ambayo ingeiokoa. Mama mwenyewe, akiwa amelewa dawa, aliniambia, "Kama angenishika ningekufa hapo kwa aibu." Lakini jioni ile, tukiwa njiani kurudi nyumbani, nilimuuliza mume wangu swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua. Nilimuuliza, "Si ni wewe ulikuwa umeikaza?"

Kesho yake aliifungua ile shingo ya usukani, akanionyesha. Nitaeleza kama alivyonieleza, maana mimi nilidhani bolti ikikazwa zaidi ndiyo inashika zaidi. Kuna bolti moja ndefu inayoshuka ndani ya ile shingo. Mwisho wake wa chini umeshika kipande cha chuma chenye umbo la koni, na bolti ikikazwa, koni hiyo inavutwa juu na kutanua shingo ndani ya bomba la fremu. Mtanuko huo ndio unaofanya gurudumu limtii anayeendesha. Ikishashika inatosha. Ukizidi kuizungusha, bolti haina pa kwenda, inaanza kuvutika yenyewe. Aliniwekea vipande viwili vya ile bolti kiganjani. Mahali ilipokatikia palikuwa pembamba, kama mshumaa uliopashwa moto ukavutwa.

"Bolti inatakanga ilegezwe kwanza, uiangalie, ndio uikaze tena," alisema. "Mimi nimekuwa nakaza juu ya kukaza."

Kutoka siku hiyo hakushika spana ya baiskeli tena. Kazini alienda, maana lazima tule, lakini nyumbani mlango wa jikoni ulianza kuning'inia kwa bawaba moja, akaupita kila siku bila kuutazama. Makopo yote sasa nilikuwa nayafungua kwa vidole viwili. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuikumbuka kwa hamu kero kama ile.

Mama alirudishwa kwake. Dada yake mdogo alihamia pale kumtunza, na mimi nilikwenda kila nilipoweza. Mume wangu alikwenda pia. Chumba cha mama mkwe hakiingiliki, kwa hiyo alikaa zizini. Alikata majani ya ng'ombe, akakamua, akapeleka maziwa mjini kwa bodaboda. Blanketi la kahawia aliniomba nimpelekee. Mama hakulikubali. Alisema la mkwe halipokelewi mtu akiwa amelala, liwekwe hadi atakapoweza kukaa kitini mbele ya wazee. Mume wangu alilirudisha juu ya kabati na kulisukuma hadi nyuma kabisa.

Nyonga haikumuua. Kifua ndicho kilichoanza kumjaa, kama inavyotokea kwa wazee wanaolala chali. Alianza kupungua mwili.

Mchana mmoja nilikuwa namlisha uji. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka zizini tulisikia panga likikata majani. Mama aliusikiliza mlio huo kwa muda, uji ukimkaukia mdomoni.

"Bado anajilaumu?" aliuliza.

Nilimwambia anajilaumu. Hali vizuri, halali.

"Hiyo usukani haijawahi kulegea," alisema.

Nilidhani ni homa. Nikamwambia anywe uji.

"Hata siku moja. Baba yako aliikaza kabla ya kutuacha, ikakaa hivyo hivyo. Ilikuwa imara kuliko mimi." Alivuta pumzi. "Sasa ningemwambia nini? Mtoto wa watu ananitengenezea banda nikiwa sokoni. Ananunulia ng'ombe wangu dawa. Na siwezi hata kumwuliza ameamkaje. Nikaona usukani inaweza kunisemea."

Niliweka kikombe chini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini ule haukuwa mzaha, na hiyo ndiyo sababu ulinichoma. Nilikumbuka kila safari niliyotoka jikoni kwenda sebuleni nikiwa nimebeba ule ujumbe, na kila safari mkono ule wa matrekta ukiongeza mzunguko wake.

"Mwambie ni mimi," mama alisema. "Mwambie ni mdomo yangu ilivunja hiyo bolti. Mwambie leo, usingoje."

Sikungoja. Jioni hiyo, nilipokuwa nimempakulia mume wangu ugali wetu wa obusuma na mboga, kabla hajamega, nilimwambia yote kama yalivyo. Nilitegemea atalia, au atashusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia. Mume wangu alitazama ugali wake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mara ya kwanza niliishika, haikutingishika. Nikajua mama anasalimia tu."

Nilihisi hasira zangu zikipanda, zile za karibu. Nikamuuliza, kama ulijua haijalegea, sasa ulikuwa unaikaza ya nini? Ungeiegemeza tu, ungeita tu kwamba iko tayari!

"Niirudishe bila kuigusa?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mila zangu. "Si hiyo ni kukataa salamu ya mtu? Tena wewe ungeenda kumwambia iko tayari, na sijafanya kitu. Ungekuwa umemdanganya mama yako kwa ajili yangu. Nikawa nazungusha kidogo tu. Ili iwe ukweli."

"Kidogo ya mkono wako?"

Aliugeuza mkono wake kiganja juu, akautazama chini ya taa.

"Kidogo ya mkono yangu," alisema.

Nililia mimi. Nililia kwa ajili yao wote wawili, watu wazima waliopendana kwa adabu mpaka chuma kikashindwa. Na katikati ya kulia huko nilikuwa pia na furaha fulani, lazima niseme, kwa sababu nilikuwa na ujumbe wa kumpelekea mama, na ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kubeba. Nilijua atakavyocheka. Atasema, "Kumbe aliniona!" Atafunika uso kwa shuka.

Asubuhi nilipanda bodaboda mapema. Mama mdogo alinikuta kwenye njia ya kuingilia, na alivyoshika kanga yake nikajua. Mama alikuwa bado anapumua, lakini alikuwa amekwenda mahali ambapo hasikii, au anasikia na hawezi kujibu, sijui. Niliinama nikamwambia sikioni. Nikamwambia alijua, mama. Alijua kutoka mara ya kwanza kwamba unamsalimia. Alikuwa anakujibu. Nilirudia mara nyingi, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, hadi mama mdogo akanishika bega. Macho hayakufunguka, mkono haukubana wangu. Alikufa kabla ya mchana.

Nimebeba maneno yao miaka yote bila kupoteza hata moja. Hili la mwisho sijui kama lilifika. Watu wa kanisa wananiambia lilifika, na mimi nawashukuru, na siwaamini.

Siku ya mazishi mume wangu alikaa kwenye hema la wakwe, mbali na jeneza. Watu walipopangwa kupita kumtazama mama, yeye hakupita. Alikuwa amepewa kile kikaratasi cha ratiba ya ibada, na kwenye ukurasa wa mbele kulikuwa na picha ya mama, anacheka. Niliona kutoka nilipokaa akikishika kwa mikono miwili. Jioni, wageni walipopungua, aliniambia kwa sauti ya chini, "Sikujua kama mama ana mwanya."

Miaka yote hiyo, na hakuwahi kumtazama usoni. Nilimwambia ndiyo, alikuwa na mwanya, ndiyo maana akitaja jina la Mumias alipiga mluzi kidogo mwishoni. "Huo mluzi niliusikianga," alisema. Blanketi tulimzika nalo, mama mdogo ndiye aliyelikunjua.

Baiskeli ililetwa kwetu. Ilikaa uani chini ya turubai, kuku wakawa wanataga juu ya keria yake, na sikumwambia mume wangu lolote. Alipita kando yake akienda kazini, akapita akirudi.

Juzi, Jumamosi, nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati. Nilisikia turubai ikivutwa. Kisha kimya, kisha mlio mdogo wa chuma kwenye chuma. Sikuchungulia. Alikuwa amenunua bolti mpya, nilikuwa nimeiona mfukoni mwa ovaroli yake nikifua nguo, nikairudisha. Alichukua muda mrefu, mrefu kuliko kazi yenyewe. Nilimsikia akiikaza, akiilegeza, akiikaza tena. Kisha alipiga kengele mara moja, akaita kutoka upande wa pili wa nyumba kama alivyozoea kuita:

"Mwambie mama iko tayari!"

Nadhani hakujua amelisema hadi alipolisikia. Mimi nilisimama na mikono yangu ndani ya sufuria ya unga, na sikujua nifanye nini na huo ujumbe. Nyuma ya mlango kigoda kilikuwa pale pale.

Niliita kupitia dirishani, "Anasema imelegea kidogo!"

Nilimsikia akivuta kamasi, nikasikia spana ikiokotwa.

"Mwambie angoje," alisema. "Mwambie asiende, naikaza."

Niligeukia kile kigoda, unga mikononi, nikamwambia.